Udi Uliopotea Kichwele: shajara ya riwaya

Rajabu

Mwaka umepatikana: 1953. Mtaa nao umepatikana: Kichwele, barabara tunayoiita leo Uhuru, pale inapokatana na Msimbazi. Na kosa lenyewe limepatikana, nalo ni wizi wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Klabu moja ya taarabu imejiandaa kwa onyesho la usiku wa Idi, viti vimeazimwa, mashairi mapya yametungwa, na jioni ya mwezi kuandama udi wa klabu haupo kwenye msumari wake. Hakuna aliyekufa, na mpaka ukurasa wa mwisho hatakufa mtu.

Hilo la kutokufa mtu niliamua kabla ya mengine yote. Riwaya za upelelezi nazisoma tangu nikiwa shule ya msingi, na zinazonikaa moyoni ni zile za jirani mwenye macho: mtaa mmoja, watu wachache wanaojuana kwa majina na kwa madeni, chakula kingi, maneno mengi, na fumbo linalofumbuliwa barazani na mtu ambaye polisi hawakufikiria kumuuliza. Ikiwa hadithi ni ya zamani raha inazidi, kwa sababu unamfukuzia mwizi huku unatembea katika mji ambao haupo tena.

Kwa Kiswahili njia ilishafyekwa. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, kikachapishwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake akaingia madarasani na majumbani. Mpelelezi wangu mimi hana nafasi ya kukaa kitini akawasha kiko. Ni mama muuza vitumbua. Anawaza huku mikono inafanya kazi, na mteja anayesubiri vitumbua viive husema mengi kuliko aliyekuja kuyasema.

Kanuni ninayoifuata ni ile waliyoiwekea hadithi hizi Uingereza mwaka 1929: mpelelezi akiona dalili, msomaji naye aione. Hakuna kumficha kitu mtu aliyekupa jioni yake.

Shaabani

Asubuhi nyingi za mwezi huu zimekwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, na nyingine Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. (Bibi Titi mwenyewe, kabla siasa haijamchukua, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Nimejizuia kumwingiza kwenye hadithi, lakini sura ya pili ina ngoma ya wanawake inayosikika kwa mbali, na mwenye kujua atajua.)

Nimeanza na majina ya barabara, maana mhusika akisema "Samora" mwaka 1953 riwaya imeanguka hapo hapo. Samora ni Acacia Avenue. Lumumba ni New Street. Uhuru ni Kichwele, na uhuru wenyewe uko mbali: hata TANU haijazaliwa, itazaliwa Julai 1954. Mwalimu Nyerere ndiyo kwanza amechaguliwa kuongoza TAA, chama kilichoitangulia TANU. Redio ya Dar es Salaam ina miaka miwili tu tangu ianze 1951, kwa hiyo nimempa redio mtu mmoja, mwenye duka la kona, na jioni wenye shauku ya habari hujazana kwake. Sarafu za senti tano na senti kumi zina tundu katikati. Watoto wa mtaani kwangu wanazitunga kwenye kamba. Klabu za taarabu zilizokuwa zikitambiana mjini ni Egyptian na Al-Watan. Ya kwangu nimeitunga na jina lake ni la kutunga, ili nisizibebeshe klabu zile mambo ambayo hazikuyafanya.

Hapa nimesimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Dar es Salaam ya 1953 ni mji uliokatwa kwa rangi. Oysterbay ni ya Wazungu, katikati ya mji ni Uhindini, Waafrika wako Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja umeachwa wazi kama mpaka. Mtu anatoa kodi ya kichwa kwa serikali asiyoichagua. Je, hadithi ya vitumbua na udi uliopotea inaweza kukaa juu ya ardhi hiyo bila kuipaka sukari? Nimeliwaza sana, na jibu langu ni kwamba inaweza, ila utulivu utoke kwa watu wa mtaa, usitoke kwa wanaowatawala. Kwa hiyo inspekta wa Kiingereza anapita mara moja, anaandika jina la mtu vibaya, anaondoka. Kazi yote ya kweli inafanyika kwa Kiswahili, uani, baada ya yeye kuondoka. Tarehe 2 Juni mwaka ule Malkia Elizabeth alitawazwa London, na mwezi huku ulikuwa Ramadhani. Kwenye riwaya, vibendera vya karatasi vilivyosambazwa siku ile vimeshageuzwa tiara, vinarushwa juu ya mapaa ya Kariakoo kwa upepo wa kusi. Sisemi zaidi ya hapo. Msomaji anaona.

Shaabani inaisha

Mwezi. Nimeukokotoa kwa kurudi nyuma, na nimepata kitu ambacho kimeipa riwaya uti wa mgongo.

Mwezi ulizama gizani tarehe 11 Juni 1953, Alhamisi. Maana yake ungeweza kuandama jioni ya Ijumaa, tarehe 12, na Idi kuwa Jumamosi. Ungeweza, si lazima. Na hapo ndipo utamu ulipo. Jioni ile mtaa mzima uko nje. Wazee wamesimama barabarani wameelekea magharibi, watoto wamepanda juu ya mapipa, wanawake wametoka na upawa mkononi, mmoja anaapa ameuona, mwingine anamwambia huo ni ukingo wa wingu. Kwa robo saa hivi hakuna jicho hata moja la Kichwele linalotazama mlango wa uani wa klabu.

Sikuweza kuomba dakika nzuri kuliko hizo. Mwizi hakuhitaji ufunguo wala usiku wa manane. Alihitaji watu wote watazame juu.

Ramadhani, kumi la kwanza

Nimekwenda Feri kuonana na nahodha mstaafu ambaye nimejulishwa kwake na jamaa. Nilimkuta kivulini, nyuma ya wanaoparura samaki, amekaa juu ya kreti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye wa kitabu?"

Nikamweleza kwamba nina washukiwa wawili waliokuwa pwani siku ile, na kwamba mmoja anasema chombo chake kilikwama mchangani Msasani tangu alasiri, akasubiri mpaka maji yalipojaa baada ya magharibi ndipo akaelea. Nikauliza kama maneno hayo yanasikika ya kweli kwa mtu wa bahari. Hakuuliza tarehe. Aliuliza mwezi.

"Mwezi mwandamo," nikasema. "Jioni yenyewe ya kuutafuta."

Akatikisa kichwa. "Basi muongo. Mwandamo ni bamvua. Bamvua hapa kwetu maji yanajaa saa kumi, yanakupwa saa nne. Saa kumi alasiri Msasani chombo kinaelea, hakikai mchanga. Kikikaa, kinakaa usiku, si magharibi."

Nimeyaandika kama alivyoyasema na sitaki kuyagusa. Kila mvuvi wa pwani hii anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hupanda sana na kushuka sana, zaidi ya mita tatu kati ya juu na chini, ndiyo bamvua, na kwamba katikati ya hapo ni maji mafu. Kwa kuwa mwezi ndio unaoyavuta, na jua likiwa kwenye mstari mmoja nao linaongeza nguvu, saa za bamvua hazihamihami: bandari ya Dar es Salaam huwa nazo zile zile, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo Juni ya 1953 inasomeka leo kutoka kwenye kreti la Feri bila karatasi yoyote.

Nilirudi na mwendokasi nikiwa nimesimama, daftari limebanwa kwapani, na furaha yangu ilikuwa kubwa. Uongo wa mshukiwa umeandikwa angani na baharini, na mtu yeyote wa mtaa ule angeweza kuunasa, endapo tu angeulizwa.

Kumi la kati

Tumeanza kusoma kwa sauti. Baada ya tarawehe, barazani kwetu Magomeni, sura moja kila tunapokutana. Wapo shangazi yangu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, binti wa jirani aliye kidato cha tatu, mume na mke waliohamia kutoka Dodoma, na wengine wanaokuja na kuondoka. Kahawa ipo, na kaimati zilizobaki za futari.

Shangazi ndiye aliyenipa dalili ya pili, na hakujua kama anatoa kitu. Nilikuwa nasoma sura ya nne, mpelelezi wangu anakuta unga wake wa vitumbua umefurika. Akanikatiza.

"Mwezi gani huo?"

"Juni, shangazi. Kumi na mbili Juni."

"Kaukoroga saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

"Haufuriki. Juni kuna kibaridi, kusi linavuma, unga unaumuka polepole. Ungesema Februari ningenyamaza. Juni, ukoroge adhuhuri, alasiri ndiyo kwanza unaanza kutoa mapovu. Labda mtu aliusogeza jikoni."

Baraza lote likamgeukia. *Labda mtu aliusogeza jikoni.* Nyumba za Kariakoo zimejengwa kwa mpango mmoja: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na ua wa nyumba moja umegusana na ua wa nyingine. Ua wa muuza vitumbua umepakana na ua wa klabu. Aliyepita pale alikuta bakuli imeziba njia, akaisogeza kando, na kando pale palikuwa na mafiga yenye makaa. Nilikaa mpaka daku nikiiandika upya. Inasomeka hivi sasa:

*Aliikuta bakuli imefurika. Unga ulikuwa umeteremka ubavuni, ukaingia kwenye mkeka, ukaanza kukauka pembeni. Akachovya kidole, akaramba: umeshachachuka. Akaigusa bakuli upande wa ukuta, baridi. Akaigusa upande wa mafiga, akaondoa mkono. Yeye bakuli yake huiweka mlangoni, miaka yote, mahali penye upepo, na watoto wa nyumba ile walijua kuiruka. Asiyejua kuiruka ni mgeni. Na mgeni aliyekuja uani bila kubisha hodi alikuwa na haraka, lakini hakuwa mtu mbaya sana, kwa sababu hakuipiga teke; aliinama, akaibeba kwa mikono miwili.*

Sentensi ile ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizoandika mwaka huu. Mwizi ameshaonyesha tabia yake kabla hajaonyesha uso. Raha ya riwaya za namna hii, kwangu mimi, iko hapo: kosa linapimwa na mtu anayewajua watu, na huruma inafika mapema kuliko hukumu.

Kumi la kati, siku za mwisho

Sura ya tano mpaka ya saba zimekwenda vizuri. Fundi cherehani ameshikilia kwamba mwizi ni mwenye duka, kwa sababu ana redio na "mwenye redio hana haja ya kutoka nje kutazama mwezi". Hoja nzuri, nami nimeiweka mdomoni mwa mhusika.

Kumi la mwisho

Nimesoma ushahidi wa washukiwa wawili wa pwani. Nahodha wetu wa Feri hakuwapo, lakini palikuwa na kijana mmoja wa Kunduchi amekuja kumtembelea fundi, na sentensi haijaisha akasema, "Huyo wa Msasani!" Wengine wakabaki wanatazamana. Mume wa Dodoma akaniuliza kwa upole mkubwa:

"Samahani, mwandishi. Sisi tuliokulia bara, haya maji ya saa kumi tutayajuaje? Yeye kayanywa tangu mtoto. Nipe na mimi kitu cha kushika."

Ana haki. Msomaji wa Tabora na wa Mbeya ana haki sawa na wa Kunduchi, na kanuni ni ile ile: dalili ionekane. Lakini nikimweka mtu kwenye riwaya aanze kufundisha habari za bamvua, mwizi atakuwa ameshikwa siku hiyo hiyo, na raha imekwisha. Dalili lazima ipite mbele ya msomaji ikiwa imevaa nguo za kitu kingine.

Nimezunguka na jambo hili usiku kadhaa, na jibu limetoka kwenye futari: pweza.

Pweza hushikwa maji yakiwa yamekupwa sana, watu wanapotembea juu ya mwamba na kuchokoa mashimo kwa mkuki. Bamvua ndiyo wakati wake. Asubuhi ya Ijumaa, katika sura ya tatu, kabla hakujapotea kitu chochote, mchuuzi anapita Kichwele na pweza wabichi, bado wanashikashika ukingo wa kapu. Muuza vitumbua analalamikia bei. Mchuuzi anajitetea: nimetoka Msasani sasa hivi, maji yamekwenda mbali saa nne hii, nimetembea mpaka miguu inaniuma, tazama zilivyo mbichi. Wanapatana. Pweza anapikwa kwa nazi kwa ajili ya futari, na msomaji anabaki anatamani chakula.

Lakini ameshaambiwa. Saa nne asubuhi Msasani ilikuwa kavu. Bahari hujaa na kupwa kila baada ya saa sita na dakika kidogo, jambo ambalo hata mtoto wa shule ya Dodoma amelisoma. Atakayekaa akahesabu atafika saa kumi alasiri akakuta maji tele, na atafika magharibi akakuta yanatoka, hayaji. Na mpelelezi wangu, ambaye hajawahi kuingia kwenye chombo maisha yake yote, ataufikia ukweli kwa njia ile ile, kwa kukumbuka alinunua pweza saa ngapi. Nimefurahi hasa kwa hilo. Maarifa ya nahodha yamekuwa maarifa ya mama wa jikoni, na hakuna aliyelazimika kuhutubia.

Mfungo Mosi

Baada ya sikukuu tumerudi barazani na nimesoma upya kuanzia sura ya tatu, pweza akiwa mahali pake. Mke wa Dodoma ndiye aliyemnasa, si mume. Tulikuwa kwenye ushahidi wa Msasani, akaweka kikombe chini: "Ngoja. Pweza alitoka wapi? Saa ngapi?" Akahesabu kwa vidole, nne, tano, sita, mpaka akafika kumi. Akampiga mumewe begani. Binti wa kidato cha tatu akanyakua kurasa mkononi mwangu ahakikishe, na fundi cherehani, ambaye alikuwa amemhukumu mwenye duka tangu Ramadhani, akadai asomewe tena sura nzima. Nikaisoma.

Kwa nini aliiba, hilo halijasomwa na sitaliandika hapa. Nitasema tu kwamba hakuutaka udi kwa ajili ya fedha, na kwamba usiku wa Idi taarabu inapigwa.

Fundi, kwa kuwa yeye ni mtu wa vipimo, ameuliza swali la mwisho lililobaki: udi umetokaje uani? Barabara imejaa watu, na ingawa wote wanatazama juu, mtu aliyebeba udi ataonekana. Hauingii chini ya koti. Kwa hiyo wiki hii nimekwenda Ilala kwa mpiga udi mmoja ambaye amekubali kunionyesha wake. Ni chombo chepesi kuliko kinavyoonekana. Tumbo limeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kugandishwa ubavu kwa ubavu, shingo ni fupi, kichwa kimekunjwa nyuma karibu pembe mraba, na nyuzi ni 11: jozi tano na mmoja wa besi unaosimama peke yake. Aliniruhusu nipime. Upana wa tumbo ni sentimita 36. Nikamweleza shida yangu ya uani na ya watu barabarani, akacheka, akaita mtu kutoka nyuma alete pakacha.

Udi unaingia. Unalazwa tumbo likiwa chini, kichwa kinatokeza kidogo kwenye mdomo wa pakacha, na nazi sita zilizopangwa juu zinakifunika chote. Mtu aliyebeba pakacha la nazi usiku wa kuamkia Idi, Kariakoo, hakuna atakayemgeukia. Na muuza vitumbua huletewa nazi kila siku. Jina la anayemletea liko sura ya kwanza, ukurasa wa pili, na sasa naweza kwenda kuandika sura ya 14.